Dashibodi ya Wadau Wote

Mratibu wa mradi alikuwa amechoka hata kabla ya kukaa. Asubuhi nzima muuzaji wa tatu alikuwa akimwonyesha programu ya kutengenezea dashibodi, na sasa kila akifumba macho aliona maduara yaliyokatwa vipande kama keki. Kazi aliyotwishwa ilionekana ndogo: achague programu moja, ili wadau wa mradi wa madarasa wafungue ukurasa na kuona ujenzi umefika wapi. Wadau wenyewe ndio walikuwa mtihani. Mfadhili alitaka chati, ofisa elimu alitaka ramani, na kamati ya wazazi ilitaka tu kujua watoto wataingia lini darasani.

Programu ya kwanza ilipendeza kama bibi harusi, lakini mtandao ukilegea kidogo inaganda. Ya pili ilihitaji mtaalamu wa kuibembeleza kila siku. Ya tatu ilifunguka hata kwenye simu ya kawaida, na rangi zake hazikuhitaji mkalimani: kijani, kazi inakwenda; njano, inasuasua; nyekundu, imekwama.

Mkurugenzi aliipenda hiyo ya tatu, ila kwa sababu zake. Muuzaji alikuwa amegusia kwamba kila mdau anaweza kutengewa ukurasa wake, akaona yanayomhusu tu. Muuzaji alipoondoka, mkurugenzi akafunga mlango, akamweleza mratibu. Mabati yaliyoletwa yalikuwa membamba, yamerudishwa, na mengine hayajulikani yatafika lini. Basi paa lisionekane kwenye ukurasa wa mfadhili. Wazazi nao wasisumbuliwe na habari za mabati.

"Dada, mgeni haonyeshwi choo kwanza," alisema akitabasamu.

"Mgeni huyu analala hapa, bosi. Atakiulizia tu."

Tabasamu likamtoka. Akamwambia afanye anavyoona, kwa sauti ya mtu anayemaanisha kinyume chake.

Jioni, nyumbani, mama mkwe alimkuta mratibu amesinzia kitini, viatu bado miguuni. Akamvua kimoja kimoja, kisha akauliza kuna nini huko kazini. Mratibu akajieleza: kurasa, rangi, paa. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akakiri hajaelewa hata nusu, akamwambia akaoge, maji yameshachemka. Mratibu nusura alie.

Kesho yake alitengeneza ukurasa mmoja wa watu wote. Hakujihisi shujaa. Ni kwamba kutunza kurasa tatu zinazopingana, huku akikumbuka nani kaambiwa nini, kulimshinda nguvu hata kabla ya kuanza.

Siku ya mkutano projekta ilipowaka, paa lilikuwa jekundu katikati ya kijani, kama kidonda. Mkurugenzi akainamia simu yake. Aliyesema ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mama fundi cherehani aliyekuwa amekaa karibu na mlango.

"Kwa hiyo paa hakuna?"

"Hakuna, mama. Si muhula huu," mratibu alimjibu.

Yule mama akashusha pumzi. Akaeleza kwamba walikuwa wameshaagana na mwenye ukumbi wanamosomea watoto, wakiamini wanahamia madarasa mapya. Inabidi akamwombe leo hii, kabla hajaupangisha kwa wengine. Hakungoja chai. Walimsikia akishuka ngazi kwa haraka.

Ukumbi uliokolewa. Mfadhili, kwa upande wake, aliandika kwamba awamu ya pili itasubiri paa, na watu wawili wa ofisini wakaambiwa wakae nyumbani kwanza. Mmoja wao alimpita mratibu kwenye korido kama anapita kabati. Mkurugenzi hakufoka, aliacha tu kumwita dada. Sasa ilikuwa "mratibu", kavu, na ombi kwamba atafute programu nyingine yenye rangi za upole.

Mabati yalipofika hatimaye, alikuwa peke yake ofisini. Akaligeuza paa kutoka jekundu kuwa njano, akakaa akiitazama simu. Hakuna aliyepiga. Akafungua ujumbe wa muuzaji wa nne, akaanza kusoma.