Mgomba wa Nsabimana Kule Hungaria

Jumamosi moja ya kiangazi, mwaka ule ambao watu wa Kamuli walifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, Nsabimana alinawa miguu hadi magotini, akaingia ndani ya mtumbwi wa Mzee Projest kukamua ndizi.

Mtumbwi huu haukuwa wa ziwani. Lilikuwa gogo kubwa lililochongwa likapata tumbo, na kazi yake ilikuwa kulala chini ya migomba na kupokea ndizi mbivu. Mkamuaji huingia na nyasi zake, akakanyaga mpaka maji yakajitenga na makapi, na maji hayo yakilala na mtama wa kukaanga yanaamka rubisi, pombe ya ndizi. Mwiko ni mmoja tu: mkamuaji akishaingia hatoki mpaka maji yakingwe yote. Akitoka katikati, rubisi inakuwa siki, na hakuna wa kumsamehe.

Kwa miguu ya kukamua, Kamuli nzima haikuwa na wa kumfikia Nsabimana. Alitoka ng'ambo ya Mto Kagera yeye na mkewe Speciose, binti yao Therese akiwa hajaota meno, na sasa Therese alikuwa na mchumba katika kijiji cha Kihanga. Muda wote huo waliishi pembeni mwa shamba la Projest, wakimpalilia kahawa na kumkamulia ndizi. Walikuwa na ruhusa ya kujenga kibanda na kupanda maharage, mahindi na viazi. Mgomba, hapana. Maharage yakivunwa yamekwisha, na mwenye nayo unaweza kumwambia kesho ahame. Mgomba hauna mwisho. Unazaa mtoto, mtoto anazaa mjukuu, na aliyeupanda humng'oi tena. Hilo Projest alilijua vizuri, na ndiyo maana Nsabimana hakutaka kingine duniani ila mgomba mmoja wa kwake.

"Mzee, mmoja tu," alikuwa akimwomba. "Hata nyuma ya choo."

"Wewe Nsabimana! Leo mmoja nyuma ya choo, kesho utaniuliza mimi nimepita shambani kwako natafuta nini." Kisha Projest humcheka, akampa ugoro, mambo yakaishia hapo.

Speciose alikuwa na chipukizi moja la mgomba alilolificha nyuma ya kibanda. Alilifunga kwa majani mabichi na kulinywesha maji kila jioni. Lilikuwa na afya nzuri, ila pa kupandwa halikuwa napo.

Basi Jumamosi hiyo ndizi zilikuwa zimeiva kupita kiasi. Nsabimana alikanyaga, maji yakatoka mengi, yakapanda hadi ukingoni, na mtumbwi ukaanza kwenda.

"Nsabimana!" Projest alisimama na kibuyu mkononi. "Mtumbwi wangu unakwenda wapi?"

"Sijui, mzee!"

"Basi toka!"

"Nikitoka rubisi inaharibika!"

Projest akafikiri, akaona ni kweli. "Basi usitoke!"

Nsabimana hakutoka. Kila alipokanyaga, mtumbwi uliongeza mwendo. Alipovuta pumzi, ulipunguza. Ulipita katikati ya migomba na majani yakaupisha. Speciose, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, aliuona unakuja, akazunguka nyuma ya kibanda, akatoka na chipukizi lake na kulirusha ndani.

"Baba Therese, shika! Na ukikuta sabuni usiiache!"

Barabarani Kokwijuka, mwuza karanga, alimuuliza za safari. "Nzuri, ndiyo tunaanza," alijibu Nsabimana bila kusimamisha miguu. Mtumbwi ukashuka bondeni, ukaingia ndani ya ukungu wa Mto Kagera, na ulipotoka upande wa pili ulikuwa juu ya ziwa ambalo Nsabimana hajaliona maisha yake yote.

Lilikuwa na rangi ya maziwa yaliyokamuliwa majani mabichi ndani yake. Halikuwa na kina. Watu wazima walisimama katikati ya ziwa, maji magotini, wakizungumza kama wako mnadani, na mtumbwi ulipokaribia walisogea kuupisha kama watu wanaopisha ng'ombe. Mbele palikuwa na kilima kilichokatwa kichwa, juu bapa kabisa kama meza ya kanisani. Ubavuni mwake mawe meusi yalisimama wima, marefu, yamebanana kama wanakwaya. Chini ya mawe ilishuka mizabibu, mstari kwa mstari, imenyooka hata Nsabimana akaona aibu kwa niaba ya mibuni ya Projest. Alitamani kupiga yowe, lakini mkamuaji hapotezi pumzi, kwa hiyo akazidi kukanyaga, na mtumbwi ukapanda ufukweni kwa kishindo.

Pale ufukweni mama mmoja wa makamo, kitambaa kichwani na sketi kaipandisha magotini, alikuwa ndani ya pipa akikanyaga zabibu. Alimtazama Nsabimana miguuni, si usoni, na akaridhika.

"Shikamoo, mama," alisema Nsabimana. "Nipe chombo, maji haya yakingwe, nipate kutoka."

Mama huyo, jina lake Piroska, alijibu Kihungaria, naye Nsabimana aliendelea na Kinyarwanda kilichochanganyika na Kiswahili. Kwa kuwa wote wawili walikuwa wakiwalalamikia manyigu waliojaa kwenye matunda, walielewana. Ndoo zikaja. Maji ya ndizi yakakingwa yote, na Nsabimana akakanyaga ardhi ya Hungaria kihalali, bila kuvunja mwiko wa mtu.

Kwa siku kadhaa alitembea kama mtu aliyefunguliwa kamba. Aliona nyumba nyeupe zilizoezekwa matete, paa nene kama godoro la askofu. Aliona meli yenye bendi ya muziki ikipita na watu wakipunga mikono kwa mtu yeyote. Alikula samaki wa kukaanga, na mchuzi mwekundu wa pilipili uliomtisha kwa rangi. Alifumba macho, akameza, akangoja moto, moto haukuja. "Pilipili ya kwenu imebatizwa," alimwambia Piroska, na Piroska akamwongezea. Alipanda kile kilima hadi juu, akaliona ziwa lote limelala chini na matanga meupe, akacheka peke yake mpaka mbavu zikamuuma.

Aliposhuka alimkuta Piroska ameinama juu ya mtumbwi.

"Hiki nini?"

"Mgomba, mama. Mtoto wa mgomba."

"Mbona hujaupanda? Unakauka."

"Niupande wapi?"

Piroska akaonyesha kilima chote kwa kidole gumba.

"Shamba la nani?"

"La ushirika."

"Ushirika hautanifokea?"

"Ushirika ndio nani? Mimi ni ushirika. Na yule pale anayekoroma chini ya mkokoteni ni ushirika. Chimba, jua linazama."

Nsabimana alichimba. Amechimba mashimo ya migomba ya Projest tangu ujana, lakini hili alilichimba, akalifukia, akalichimba upya, kwa sababu mara ya kwanza lilitoka kombo. Aliposhindilia udongo kwa kisigino alikaa chini pembeni yake, akabaki pale hadi alipoitwa kula mara mbili.

Asubuhi mgomba ulikuwa na majani. Jumapili ulitoa mkungu. Piroska alikuja kuutazama, akasema unatia kivuli kwenye zabibu zake, mwakani machipukizi yake ayapande upande wa pili. Akajaza mtumbwi zabibu ili mgeni apate cha kukanyaga njiani. Nsabimana akapakia mkungu, chipukizi lililokwisha kuchomoza chini ya mama yake, mkufu wa pilipili na miche ya sabuni, akarudi.

Projest alikuwa akimngoja pale pale na kibuyu chake. Alionja maji ya zabibu, akasema yamechelewa, akajaza kibuyu cha kwanza, kwa kuwa mtumbwi ni wake. Speciose alipokea sabuni kwa mikono miwili, akainusa, kisha akamuuliza mumewe kwa sauti ya chini:

"Mgomba umeshika udongo?"

"Umeshika. Mkungu huu ndio wake."

Speciose alikaa chini.

Jioni hiyo hiyo Nsabimana alibeba chipukizi na mkungu, wakaenda wote kwa Yustus, balozi wa nyumba kumi. Alizungumza kwa furaha mpaka mate yakamrukia balozi.

"Mheshimiwa, nimepanda mgomba kule wala haukumdhuru mtu! Kilima kiko pale pale, ziwa liko pale pale. Niruhusiwe huu mmoja hapa. Mmoja tu."

Yustus alichuma ndizi moja mkunguni, akaimenya, akala, akakubali kuwa ni ndizi.

"Hungaria naijua," alisema. "Ndiko yanakotoka yale mabasi marefu ya Dar, yanayojikunja katikati. Ni nchi rafiki. Nsabimana, nikueleze ukweli, ulikuwa unatusumbua. Ng'ambo ya mto umeshaondoka, na hapa ni kama hujafika. Tulikuwa hatujui tuseme kwenu ni wapi. Sasa tumejua."

"Wapi, mheshimiwa?"

"Si ndiko uliko mgomba wako? Kwenu ni Hungaria."

Majirani waliokuja kusikiliza walipumua. Jambo lilikuwa limewakaa rohoni muda mrefu. Theoneste, aliyekuwa akilima kwa jirani kwa masharti yale yale, peke yake ndiye aliyetazama chini.

"Na hili chipukizi?" aliuliza Speciose.

"Mtu wa Hungaria hawezi kupanda mgomba Kamuli, mama Therese. Lakini tusiliache life, ni dhambi. Limesafiri ndani ya mtumbwi wa Mzee Projest. Mzee Projest alipande."

Projest alilipanda nyuma ya choo chake. Lilishika vizuri sana.

Tangu hapo, kila ndizi za Projest zinapoiva, Nsabimana na Speciose huingia pamoja kwenye mtumbwi, wakakanyaga hadi Hungaria. Mgomba sasa una watoto wengi. Theluji huanguka kilima kizima ikauruka, na Piroska ameshazoea kuanika soksi chini yake. Speciose analipenda lile ziwa, ingawa analalamika kwamba kwa kina kile mtu hawezi hata kufua blanketi vizuri. Huko hukaa juu ya udongo wao, wakala ndizi zao bila kumwomba mtu.

Jumatatu hurudi, kwa sababu mtumbwi si wao na Therese anaolewa Kihanga. Projest huwapokea mwenyewe pembeni mwa shamba. Wamemlimia tangu ujana wao, na sasa amejifunza kuwasalimu kwa heshima.

"Karibuni, wageni," huwaambia, kisha huwaonyesha pa kuanzia kupalilia.