Kuchomwa Kupi

Kipakiaji kilikuwa kizee, na kama wazee wengine kilikuwa hakijizuii. Kila kilipolala pale uwanjani, kwenye kiwanda cha matofali, asubuhi kilikutwa kimejilowesha, dimbwi jeusi la mafuta ya haidroliki limesambaa vumbini chini yake. Ni mashine fupi, ya kugeuka papo hapo iliposimama, yenye mikono miwili ya chuma inayonyanyua ndoo mbele ya dereva. Dereva wake alikuwa mwanamke, Mama Pacha. Fundi wake alikuwa mumewe, Baba Pacha. Wapiga matofali hawakuchoka kuwatania: mke anaharibu, mume anatengeneza, riziki haitoki nje ya nyumba.

Siku ile Baba Pacha alikuwa amekwisha kubadilisha sili za jeki moja, zile pete za kuzuia mafuta yasivuje, na kukaza nati zote zilizolegea, na bado mafuta yalikuwa yanatoka mahali. Aliinyanyua mikono ya mashine, akaiwekea gongo lake la chuma isije ikamshukia kichwani, maana kwa mambo makubwa alikuwa mtu mwangalifu sana. Makubwa yanaonekana. Lililomponza lilikuwa dogo kuliko tundu la sindano.

"Washa," alimwambia mkewe. "Vuta leva kidogo kidogo, nione inalilia wapi."

Mama Pacha akawasha, akavuta. Mpira wa mafuta ulio nyuma ya jeki ukajaa na kukakamaa. Ukungu mwembamba ukaonekana juani, lakini unakotoka hakukuonekana. Kila fundi wa mitambo hiyo anajua la kufanya hapo: unapitisha kipande cha boksi kando ya mpira, boksi likilowa umelipata tundu. Baba Pacha naye alijua. Ila boksi lake lilikuwa limeshalowa chapachapa, akalitupa, na kwenda kutafuta jingine akaona uvivu. Mazoea yana tabu. Akapitisha mkono.

Alishtuka, akauvuta mkono. Mama Pacha akazima injini upesi.

"Vipi?"

"Imenichoma."

"Wapi? Hebu nione."

Kwenye ncha ya kidole cha shahada, mkono wa kushoto, kulikuwa na kitone kama cha mtu aliyeguswa na mwiba. Hakikutoka damu. Hakikuuma. Baba Pacha alikifuta kwenye suruali, akasema kizee kimemng'ata na meno hakina, kisha akaufungua ule mpira mbovu na kufunga mwingine. Mkewe alicheka. Baadaye alijichukia kwa kicheko kile, ingawa hakuna aliyemlaumu.

Walipokaa kula nyumbani, Mama Pacha aliona mumewe kauficha mkono wa kushoto chini ya meza. Aliuvuta juu bila kuomba ruhusa. Kidole kilikuwa kimevimba na kupauka, na alipokigusa kilikuwa baridi. Kidole cha mtu aliye hai hakiwi baridi namna ile. Aliacha chakula, akaenda kuazima pikapu ya mwenye kiwanda, akaileta mpaka mlangoni.

"Kesho kitakuwa kimeshapungua," alisema Baba Pacha.

"Panda. Sina nguvu ya kukubembeleza."

Kwenye zahanati ya jirani walipokewa na tabibu, mama mmoja mtaratibu mwenye miwani. Aliuliza kumetokea nini. Aliyejibu ni Mama Pacha, maana mumewe alikuwa amejikalia kimya, jambo lisilo kawaida yake.

"Amechomwa na mafuta."

"Ya moto?"

"Ya moto, ndiyo. Yalitoka kwenye mashine."

Wala hakusema uongo. Injini ikifanya kazi, mafuta yale nayo hupata moto. Tabibu aliona kidole kilichovimba, akafikiri ambacho mtu yeyote angefikiri. Akakisafisha, akakipaka dawa ya kuungua, akakifunga bandeji, akaandika vidonge vya maumivu na kuwaambia warudi kesho. Baba Pacha alishukuru, akashukuru tena. Mkewe alishangaa. Mtu huyu alikuwa na ugomvi na kila aliyevaa koti jeupe.

Wakakaa kwenye benchi ukumbini kungoja vidonge. Nyuma ya mlango wa jirani mama mmoja alikuwa akimtuliza mtoto. "Usilie, mwanangu. Unachomwa mara moja tu, imekwisha."

Mama Pacha alilisikia lile neno, akainua kichwa. Mtoto yule hakuwa akiunguzwa. Alikuwa anachomwa sindano.

Akamgeukia mumewe. "Baba Pacha, kule uliposema imekuchoma. Ilikuunguza, au ilikuingia?"

Mumewe alitazama sakafu.

"Nijibu."

"Iliingia," alisema. "Mafuta yale pampu ikiyasukuma yanapita ngozi kama sindano. Yako ndani."

"Na ulikuwa unajua?"

"Kuna mwenzangu wa karakana ya zamani. Ilimwingia hivi hivi, akasema si kitu, akaenda kulala. Walimkata hapa." Akagusa chini ya kiwiko.

"Mbona pale ndani ukanyamaza?"

"Uliposema nimechomwa na mafuta, yule mama akaleta dawa ya kuungua. Nikafurahi, Mama Pacha. Nikajisemea labda kweli nimeungua. Kuungua kunapona."

Mama Pacha alitaka kumzaba kibao, na alitaka kumkumbatia, na hakuwa na nafasi ya lolote. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini kilio hiki kingekuwa cha nyumba nzima. Alisukuma mlango wa tabibu bila kubisha. Ndani kulikuwa na mzee aliyevua shati.

"Dokta, nisamehe. Nilisema vibaya. Hakuungua. Amechomwa kama mtu anavyochomwa sindano. Mafuta ya mashine yamo ndani ya kidole."

Tabibu hakumgombeza. Alimwacha mzee na shati lake mkononi, akaja kuifungua bandeji. Alibonyeza kidole taratibu, kisha kiganja, na hapo Baba Pacha akaguna kwa mara ya kwanza. Tabibu akashika simu. Mama Pacha alimsikia akisema, "Si kuungua, hapana. Yameingia ndani. Mwiteni wa upasuaji sasa hivi." Alipoikata akawaambia mgonjwa asile wala asinywe kitu, na wasingoje gari la wagonjwa, wakimbie na pikapu yao.

Mama Pacha alikuwa amezoea kupanda malundo ya matofali mabovu na mashine yake bila wasiwasi, lakini barabara ile nzuri ya lami ilimtetemesha. Maumivu yalikuwa yameamka. Kila pikapu ilipopita kwenye tuta, mumewe aliuma meno, na hakutania hata mara moja.

Hospitali kubwa walimpokea mlangoni, wakamwingiza, milango ikafungwa. Mama Pacha akasimama ukutani. Alishindwa kukaa. Alichungulia kila mlango ulipofunguliwa na kila mara aliyetoka hakuwa daktari. Hatimaye daktari wa upasuaji akatoka, kofia mkononi.

"Kidole tumekitoa. Kilikuwa kimeshakufa. Mafuta yalifika kiganjani, tumepasua mpaka karibu na kifundo cha mkono, tukasafisha. Mkono upo."

"Utabaki?"

"Kesho tutafungua tena tuone. Siwezi kukuahidi leo. Mngengoja mpaka kesho, nisingekuwa na cha kuokoa."

Alimkuta wodini, macho wazi, mkono umefungwa bandeji nene na kutundikwa juu. Mama Pacha alikuwa ameandaa utani wa kuingia nao, maana kwao mambo mazito huingilia mlango huo. Hakuutoa.

"Wamekata?" aliuliza mumewe.

"Kidole. Mkono upo. Kesho watafungua tena."

Baba Pacha alitazama dari. Katika ndoa yao yote mkewe hakuwahi kumsikia akikiri kuogopa kitu, si nyoka, si mkwewe.

"Naogopa, Mama Pacha."

"Na mimi naogopa." Alikaa ukingoni mwa kitanda, ingawa muuguzi alikuwa amekataza. "Lakini kuanzia leo unasema. Kinachouma useme. Kisichouma pia useme."

Mumewe alijikagua, kama mtu anayejipekua mifuko.

"Basi nikwambie," alisema. "Kidole gumba cha mkono huu sikisikii. Tangu nilipoamka."

Mama Pacha aliinuka, akaenda kumwita muuguzi.