Mikono ya Tabia Iko Zamu

Asubuhi ya siku ya nane tangu mumewe azikwe, Tabia alikuwa amekaa mkekani nyumbani kwake Mlingotini, akimnyonyesha Samia, mtoto wa miezi minane. Ilipotimu saa mbili, mikono yake iliondoka. Iliachana naye viwikoni, bila damu wala maumivu, na mtoto akaangukia mapajani. Ashura, mama mkwe wake, alimwokota akamfuta machozi.

"Imekwenda kwa Bi Nouf," alisema Tabia.

"Basi itarudi saa nane," alijibu Ashura, akaenda kukoroga uji.

Tabia alihudumia wazee majumbani, kwa kampuni moja ya Bagamoyo mjini inayopanga zamu kwa programu ya simu. Mteja huandika anamtaka nani, mfanyakazi huandika hawezi siku zipi. Tabia aliandika kwamba yumo edani, hatoki kwa miezi minne na siku kumi. Programu haikuijua eda. Ilimpa likizo ya msiba, siku saba, nazo zilikwisha. Bi Nouf, mteja wake, naye alikuwa ameandika: Tabia tu, asiletwe mwingine. Maskini, mhudumu wa kwanza alimwangusha bafuni.

Mikono ilirudi saa nane na dakika kumi, imekunjamana kwa maji. Kesho yake ilirudi inanukia udi. Alhamisi ilikuja imepakwa hina mpaka kwenye kucha, na mwanamke wa eda hapaki hina. Majirani waliokuja kumpa pole waliitazama, wakaaga mapema.

Tabia aliona haya, lakini hofu ilizidi haya. Kila asubuhi alimlaza Samia chini kabla ya saa mbili, asije akaanguka tena, na kila mchana aliukodolea macho mlango. Aliogopa siku ambayo mikono haitarudi.

Alimpigia Qais, mpanga zamu, Ashura akimshikia simu sikioni.

"Pole sana, dada Tabia. Lakini wewe si umo ndani? Eda hujaivunja. Na Bi Nouf anakusifu mno."

"Kaka Qais, nina mtoto ananyonya."

"Liandike kwenye mapendeleo. Hayo anayesoma ni programu, si mimi."

Mikono iliporudi, aliandika. Jibu lilikuja papo hapo: Mapendeleo yako yamepokelewa.

Jumatatu, saa nne, simu ililia. Ashura hajui kusoma, akamwekea Tabia mbele ya macho. Ujumbe ulisema: Bi Nouf anasafiri leo mchana kwenda Maskati kwa binti yake, miezi sita, na anaomba zamu iendelee huko. Mfanyakazi akiridhia, aweke dole gumba.

"Usiguse kitu, mama," alisema Tabia. "Iweke mbali."

Ashura aliiweka juu ya kabati. Dole lake yeye lisingefaa, na la Tabia lilikuwa mjini likimkanda Bi Nouf miguu. Tabia alianza kutulia.

Saa nne na robo simu ililia tena. Ridhaa imepokelewa, iliandika. Dole gumba la mfanyakazi limehakikiwa kwenye simu ya mteja.

Saa nane ilifika, ikapita. Ikafika saa kumi. Samia aliamka akilia, akatambaa mpaka kwa mama yake, akanyoosha mikono abebwe. Tabia aliinama, akambana kwa viwiko, lakini mtoto akawa anateleza. Ashura alileta kanga akawafunga pamoja.