Kadi za Tarehe Kumi na Nne

Chikage alikuwa na marafiki wengi, ila karibu wote walikuwa wamekufa. Hakuona haya kulisema hilo, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwambia. Kazini kwake, chini kabisa ya maktaba ya mtaa, alibandika upya majalada ya vitabu vilivyochanika, na ikitokea mtu akashuka kumuuliza kitu, alijibu huku ameikazia macho gundi. Siku za mapumziko ndipo alipogeuka mtu mwingine. Alivaa raba, akatia mfukoni brashi laini, kitambaa na vijiti vya udi, akazunguka makaburi ya zamani ya Tokyo kuwaamkia watu waliowahi kuvuma. Alishampangusa vumbi mwigizaji aliyevunja mioyo ya mji mzima, na alishamng'olea magugu jenerali mmoja ambaye, akiwa hai, asingemruhusu hata kupita mbele ya nyumba yake. Mbele ya jiwe ulimi wake ulifunguka. Wafu hawamkatizi mtu kauli, wala hawamtazami usoni.

Kati ya wote, wa moyoni hasa alikuwa Sugimori Gesshu, mshairi aliyefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita kabla hajatimiza thelathini, akaacha kitabu kimoja chembamba ambacho sasa hakiazimwi na mtu ila Chikage. Mshairi huyo alikufa tarehe kumi na nne. Basi kila tarehe kumi na nne ya mwezi, kwa miaka mitatu, Chikage alikwenda kwenye makaburi ya Yanaka, akaazima ndoo na kata kwa Bi Otane muuza maua, akaenda kumwogesha.

Kaburi lenyewe alilipata kwa kitabu cha zamani cha wazuru makaburi: ukitoka langoni, njia ya tatu, kushoto, jiwe la saba. Alihesabu hivyo na kweli la saba lilikuwa limeandikwa "Ukoo wa Sugimori", basi, kama mawe ya jirani yalivyoandikwa ukoo tu. Kando yake palikuwa na sanduku dogo la mawe lenye mwanya, la wageni kutumbukiza kadi zao ili familia ijue ni nani aliyekuja, imshukuru. Sanduku hilo ndilo lililomwondolea shaka. Mtu wa kawaida awekewe sanduku la kadi ili iweje? Majina ya waliomo yalichongwa nyuma ya jiwe, ambako uzio ulikuwa umebana sana, na Chikage alishindwa hata kujaribu. Ilimwia vigumu kumchungulia mtu mgongoni bila ruhusa yake.

Kadi za kazini anazo. Alipewa boksi zima miaka minne iliyopita, na boksi bado limejaa, maana kumpa mtu kadi ni lazima usimame mbele yake. Kwa Gesshu alijitengenezea nyingine kwa mkono: upande mmoja jina lake, Chikage, upande wa pili mstari mmoja wa yale aliyokuwa nayo moyoni mwezi huo. Akishalisafisha jiwe, alimmiminia mshairi kikombe kidogo cha pombe ya mchele, kwa sababu Gesshu alikuwa mlevi, akamwekea kipande cha kiazi kitamu cha kuchoma, kwa sababu Gesshu alivitungia viazi mashairi manne, kisha akaitumbukiza kadi na kuondoka mwepesi kama aliyetoka kukutana na mchumba.

Tarehe kumi na nne ya Oktoba, Bi Otane alimpa ndoo kubwa kuliko ya siku zote.

"Chukua hii. Utaihitaji."

"Kwa nini, mama?"

"Una mgeni kule. Tangu saa mbili asubuhi kakaa."

Moyo wa Chikage ulimruka. Msomaji mwingine. Miaka mitatu alikuwa akijiona mjane wa pekee wa mashairi yale, kumbe wako wawili. Njia nzima aliifanyia mazoezi sentensi ya kuanzia, kwa sauti ya chini, mpaka paka aliyelala juu ya kaburi la hakimu akafumbua jicho moja kumtazama.

Mgeni alikuwa bibi mfupi wa miaka themanini hivi, amekalia kiti cha kukunja mbele ya jiwe, kofia ya jua kichwani, kifurushi cha kitambaa cha zambarau mapajani. Chikage aliinama mpaka maji yakamwagika kwenye ndoo.

"Shikamoo, bibi."

Bibi hakuitikia. Chikage akaitoa sentensi yake kabla haijamponyoka.

"Na wewe pia unampenda?"

Bibi alimtazama kuanzia raba hadi nywele. "Miaka hamsini na miwili," akasema. "Na wewe?"

"Mitatu tu," Chikage alijibu kwa unyenyekevu. "Lakini kwa moyo wote."

"Mitatu." Bibi alihesabu kitu kwa vidole. "Basi ulimwanza akiwa ameshakufa."

"Ndiyo, bibi. Sikubahatika kumkuta hai."

"Hiyo nayo sikuifikiria." Alikifungua kifurushi. Ndani zilikuwemo kadi, zote, zimefungwa kwa mpira. "Chikage ndiye wewe?"

Chikage aliitikia kwa kichwa. Bibi akavaa miwani, akachomoa kadi moja, akaisoma kwa sauti ile ya kusoma bili ya umeme.

"'Jana usiku nililala nawe kifuani.'" Akachomoa nyingine. "'Mvua imenyesha kutwa, nikawaza kama umelowa.' Hii hapa: 'Wote wamekusahau, mimi bado.' Wote. Yaani na mimi nimo humo."

"Bibi, samahani, wewe ni nani?"

"Mimi ni Toyo. Mkewe."

Gesshu hakuoa. Tena hata angeoa, mjane wake leo angekuwa na miaka mia na arobaini. Chikage alimtazama bibi kwa huruma, akawaza kwamba wazee wengine akili huwachoka, na kwamba lazima aseme naye polepole. Aibu ya wazo hilo ilikuja kumuunguza baadaye, kitandani, kwa wiki nzima.

"Mke wa mshairi?" aliuliza polepole.

"Mshairi gani? Eikichi. Sugimori Eikichi wa mafagio." Bibi Toyo aliligonga sanduku la mawe kwa fimbo. "Hili aliliweka baba mkwe, alikuwa mwenyekiti wa wauza mafagio. Tangu azikwe yeye halijaingia kadi, hata moja. Mwaka juzi Otane ananiambia, mama, kuna msichana anakuja kumwogesha mumeo kila mwezi. Nikafungua. Unajua nilichokuta?"

Chikage alijua.

"Na pombe. Miaka hamsini na miwili mwanamume ananiambia pombe inamwasha mwili. Kumbe ilimwasha nyumbani kwangu tu. Na viazi vitamu! Alivila wakati wa vita mpaka akaapa hatavitia tena mdomoni. Nimepika kwenye nyumba ile bila kiazi tangu niolewe. Nikajiuliza, ni mwanamke gani huyu anayemlisha kiazi akakubali? Na tarehe kumi na nne. Yeye alikufa tarehe sita. Nimekesha nikifikiria hiyo kumi na nne ni siku ya nini yenu."

Akatoa karatasi ya maombi iliyokunjwa mara mbili, na juu yake muhuri wake mdogo wa kutilia sahihi, ndani ya kifuko.

"Kuna mahali kule Hachioji wanazika watu chini ya miti, kila mtu na mti wake. Leo saa tisa napeleka hii. Binti yangu analia, mama usimwache baba peke yake. Nikamwambia hayuko peke yake, ana mtu wa viazi. Nilitaka tu nikuone sura kwanza."

Chikage aliitazama njia. Ilikuwa tupu, na bibi alikuwa na fimbo. Angeweza kuiacha ndoo na kukimbia, na hapa duniani pasingekuwa na mtu wa kujua kwamba Chikage, mwenye shahada ya fasihi, mwandishi wa makala mbili kuhusu Gesshu ambazo hakuzipeleka popote, alikuwa ameshindwa kuhesabu mawe. Angejificha chini ya maktaba mpaka astaafu. Na bibi huyu angelala chini ya mti Hachioji kwa ajili ya kiazi.

Hakukimbia, lakini hakuweza kusema pia. Akafanya lile ambalo kwa miaka mitatu aliliona utovu wa adabu. Alijipenyeza kati ya jiwe na uzio, sweta likanasa, akasoma mgongo wa marehemu. Kanjiro, muuza mafagio. Mkewe. Eikichi, na tarehe ya miaka saba iliyopita. Kando ya Eikichi, ndani ya michongo ya jina la mwisho, palibaki rangi nyekundu iliyofifia, kama wanavyoandikwa walio hai ambao kaburi bado linawasubiri: Toyo.

Kule nyuma, ambako hakuna aliyemwona usoni, ulimi ulifunguka.

"Bibi Toyo," alisema kutokea nyuma ya jiwe, "mimi ni mjinga."

"Nakusikia."

"Nilimfuata mtu mwingine. Mshairi. Sugimori Gesshu. Alikufa kabla mumeo hajazaliwa. Alikuwa anapenda pombe na viazi, na alikufa tarehe kumi na nne. Kitabu kilisema njia ya tatu, jiwe la saba, nikahesabu kutoka lango hili la upande wa stesheni. Hakikusema lango lipi. Nililala na kitabu chake kifuani, bibi, si na mumeo. Mumeo simjui kabisa. Sijawahi kumjua mwanamume yeyote kiasi hicho."

Kisha Chikage alisikia sauti kama ya mtu anayekohoa, ikawa si kikohozi.

"Toka huko, sweta litachanika."

Alipotoka, Bibi Toyo alikuwa anajifuta macho kwa kile kitambaa cha zambarau.

"Basi hakuwa na mtu," alisema.

"Hakuwa na mtu."

"Eikichi wangu na mafagio yake." Alitikisa kichwa. "Nikuambie ukweli, mwanangu? Mwaka wa kwanza nililia. Mwaka huu nilikuwa nimeanza kumheshimu kidogo. Nilisema, kumbe alikuwa na mambo yake." Akazifunga kadi upya kwa mpira. "Twende tukamwone huyo mlevi."

Walirudi kwa Bi Otane kuuliza. Bi Otane alinyoosha kidole bila hata kunyanyua macho kwenye maua yake. "Lango la hekaluni, njia ya tatu, la saba."

"Miaka mitatu, mama," Chikage alisema. "Miaka mitatu nachukua ndoo hapa."

"Si hukuniuliza. Nilijua una mambo yako na marehemu."

Kaburi la Gesshu lilikuwa jiwe la kimo cha goti, limevikwa majani ya mtambaazi mpaka kidevuni. Halikuwa na sanduku la kadi. Chikage aliling'olea majani, akalimwagia maji, akasimama mbele yake na kiazi mkononi. Hakupata neno. Huyu alikuwa mgeni kwake. Mambo yote, mvua, kazi, jino lililong'olewa mwezi wa Machi, alishamsimulia muuza mafagio.

"Mbona huongei?" Bibi Toyo alimuuliza. "Yule wangu ulimwambia mpaka habari za jino."

"Huyu namwonea haya."

"Basi mwachie kiazi, twende. Atakuzoea."

Saa tisa ilipita wakiwa bado wanatembea, na hakuna aliyeitaja. Walipofika tena kwa Eikichi, Bibi Toyo alichukua kata kwa mikono miwili akalimwagia jiwe maji, mengi, bila upole, kama mtu anayemwamsha mwanamume aliyechelewa kazini.

"Miaka miwili sijamsemesha," alisema. "Kwenye madhabahu nyumbani nilikuwa naweka wali na kuondoka. Sasa sijui nianzie wapi."

"Mwanzie na mvua," Chikage alisema. "Anasikiliza vizuri."

Bibi alimkata jicho. Halafu aliizungusha fimbo kuelekea nyuma ya jiwe.

"Jina langu kule, rangi yake ikoje?"

"Imefifia, bibi. Karibu haionekani."

"Wewe si uliandika kwenye kadi kwamba unatengeneza vitabu? Mkono wako hautetemeki?"

"Nikiwa peke yangu hautetemeki."

"Nitageuka nitazame huko." Bibi Toyo aliirudisha ile karatasi ndani ya kifurushi pamoja na kadi, akafunga fundo. "Njoo na rangi nyekundu. Na uje tarehe sita."

Chikage aliinama, akachukua ndoo. Alikuwa amefika kwenye njia bibi alipomwita.

"Na kadi ulete, alishazoea. Ila kiazi, usimtese."