Dereva wa Treni ya Magotini

Njia ya mwongo ni fupi, wamesema wahenga, lakini uwongo wa Absalom ulipanda ndege Nairobi ukashuka Jeddah. Wakala aliyekuwa akiwatafutia vijana kazi za Uarabuni alimuuliza amewahi kufanya kazi wapi. Absalom, ambaye ujana wake wote aliuza mayai ya kuchemsha na kachumbari kwenye stesheni ya Kisumu, akajibu, "Reli." Wakala, mtu wa huruma nyingi kwa kamisheni yake, akamalizia mwenyewe: dereva wa treni.

Kazi iliyomngoja ilikuwa ya udereva wa nyumba, mtaa wa Al-Hamra: kumpeleka madam dukani, kisha kumrudisha madam dukani alikosahau mkoba. Lakini kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, Baba Talal, alimchagua kati ya madereva wote kwa ajili ya lile neno moja. Baba Talal alikuwa mwanachama wa chama cha wapenzi wa treni ndogo za mvuke. Treni hizo ni za kweli kabisa: zina boila, zinakula makaa ya mawe, zinakunywa maji na kutoa moshi. Ila tu zinamfika mtu magotini. Mwenyewe huketi kwenye kibehewa nyuma ya injini, magoti yakikaribia masikio, akazunguka bustani kwa fahari kubwa mpaka arudi pale pale alipoanzia. Na hawa ni watu wenye magari manne uani na jangwa zima la kuyaendeshea.

"Wewe ni mtu wa reli," Baba Talal alimwambia siku ya kwanza, akimfunulia injini iliyolazwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. "Iwashe."

Absalom aliiwasha. Nyusi zake zilichukua muda kuota tena. Baada ya hapo alijifunza kwa video za simu na kwa kuungua, mpaka akaizoea injini ile kuliko alivyowazoea mashemeji zake.

Na sasa mashemeji walikuwa wakimsubiri. Kwao Vihiga, pasta alikwisha kutangaza kanisani ndoa yake na Selipher, na hakuna aliyesimama kupinga. Ng'ombe walikwisha kupelekwa, gauni limeshonwa, na harusi ni Jumamosi. Kilichokosekana ni bwana harusi tu. Pasi yake ya kusafiria ilikuwa imefungiwa kabatini kwa Baba Talal, ambaye asipotoa ruhusa, hata mzimu wa Absalom usingepita uwanja wa ndege.

"Baada ya maonyesho ya Riyadh," Baba Talal alikuwa ameahidi, mkono kifuani. "Injini ikienda vizuri, unakwenda kuoa. Wallahi."

Basi wakaenda Riyadh, injini ikiwa imefungwa mikanda kiti cha nyuma kwa uangalifu ambao abiria wa kawaida hakuwahi kuuona. Maonyesho yalikuwa kwenye shamba la mapumziko nje ya mji, reli ndogo imezungushwa kati ya mitende. Wakurugenzi na madaktari, wanaume wazima wenye wajukuu, walikuwa wamevaa ovaroli zilizopigwa pasi na kofia za reli. Nyuma ya kila mmoja alisimama dereva wake, Mkenya au Mhindi, ameshika kopo la mafuta. Ndiyo ilikuwa desturi ya chama: mfanyakazi huwasha moto, hutia maji, hupaka mafuta na kuendesha. Mwenye injini kazi yake ni ngumu zaidi, kupiga honi.

Robinson, Mkenya mwenzake aliyemfanyia kazi mwanachama wa hapo Riyadh, alimtazama Absalom akifuta magurudumu akatikisa kichwa.

"Bro, ukiendesha hiyo kitu poa, leave sahau. Huku anayeachiliwa ni yule ameharibu."

"Baba Talal ameapa. Ahadi ni deni."

"Haya. Mimi nimekuambia tu."

Absalom hakusikia la mtu. Aliilisha injini makaa kidogo kidogo, akasubiri mvuke ujae, na zamu yao ilipofika akaketi mbele, Baba Talal nyuma yake ameshika kamba ya honi. Kulikuwa na kilima kidogo upande wa pili wa mitende ambapo injini tatu zilikuwa zimekwama na kusukumwa na wahudumu wa chai. Ya Absalom ilikipanda ikikohoa, ikakishuka ikipiga mluzi, na Baba Talal akapunga mkono kama aliyerudi kutoka vitani. Kombe likawa lao.

"Huyu ni Absalom," Baba Talal aliwaambia wote, "dereva mkuu wa reli ya Kenya! Mimi sichukui mtu hivi hivi."

Absalom alimsogelea. "Hongera, Baba. Sasa ile ruhusa yangu. Harusi ni Jumamosi."

"Jumamosi?" Baba Talal alikunja uso kwa uchungu wa kweli. "Mwezi ujao maonyesho yako Jeddah, nyumbani. Nani ataiwasha? Mafi, hakuna ruhusa sasa. Baada ya Jeddah, inshallah."

Hasira ilimpanda Absalom, na hofu nyuma yake. Akamwona Selipher amesimama mbele ya kanisa peke yake. Lakini mwongo akigundulika hufukuzwa, aliwaza, na anayefukuzwa hupewa pasi yake. Angefika kwao hana kazi, amevuliwa nguo, lakini angefika. Akapaza sauti ili chama kizima kisikie.

"Baba, mimi sijawahi kuendesha treni maishani mwangu. Nilikuwa nauza mayai stesheni. Wakala alidanganya, na mimi nikanyamaza. Nifukuze, nirudi kwetu."

Honi iliyokuwa ikilia kwingine ikakatika. Mwenyekiti wa chama, mzee mwenye ovaroli nyeupe kuliko zote, alimtazama Absalom, akaitazama injini, akamtazama Baba Talal.

"Muuza mayai? Basi nani amemfundisha?"

Baba Talal aliinyoosha kofia yake. Halafu akainamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa. "Mimi."

Wakampigia makofi. Mwenyekiti akamkumbatia. Baba Talal, machozi yakimlengalenga kwa wema wake mwenyewe, akamshika Absalom bega.

"Na harusi yako sijaisahau. Kwa nini uende wewe? Tutamleta bibi harusi hapa! Dada yangu anatafuta mfanyakazi wa ndani. Tiketi juu yangu!"

Makofi yakawa makubwa zaidi, na mtu akavuta honi. Simu ya Absalom ikatikisika mfukoni. Alikuwa Selipher.

"Hallo? Absa, hayo makofi ni ya nini?"

"Ni... wanatupongeza."

"Kwa harusi?"

Mbele yake wanaume wenye ovaroli walikuwa wakimpa Baba Talal mkono, mmoja baada ya mwingine.

"Ndiyo," alisema. "Kwa harusi."

Selipher akacheka kwa furaha, akawageukia akina mama waliokuwa wakipanga sufuria za sherehe, akawaambia kwamba hata Waarabu wenyewe wanawapigia makofi. Vigelegele vikalipuka nyumba nzima kule Vihiga. Absalom alishikilia simu sikioni, na hakupata moyo wa kuwakatiza.