Mgomo wa Maman Ganza

Munyemana alifundisha historia ya Uingereza na Ufaransa chuoni Bukavu miaka mingi. Alipostaafu alirudi Kamembe na mkewe Épiphanie, lakini vitabu vyake vilikataa kustaafu. Vilijaza kabati, vikashukia makochi, mwisho vikapanda mezani. Mchana mmoja alivuta kiti ili ale, akakuta mezani wachimba makaa wa Wales na vyama vya wafanyakazi wa Paris. Sahani hakuna.

"Maman Ganza, chakula?"

Épiphanie alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko, mikono kaikunja. "Sipiki. Niko mu greve."

Mgomo! Munyemana akacheka. Mkewe hakucheka.

"Basi unaniacha, unaenda kwa dada yako Bugarama?"

"Nifanye nini kule? Si weye ulinisomea bale batu ba Ufaransa? Balipogoma, habakutoka kiwandani. Balibaki mule mule ndani, bakapiga kinanda cha akordeo, bakacheza. Na miye ninabaki."

Akafungulia redio, rumba ikalia, naye akaanza kutikisa mabega.

Munyemana aliamua kumngoja achoke. Akajikaangia sambaza, visamaki vya ziwani, nje vikawa mkaa, ndani vibichi. Jioni akala mkate na chai. Kesho yake tumbo likinguruma, akawakumbuka wenye viwanda aliowasimulia wanafunzi wake, wale waliongoja njaa iwarudishe watu kazini. Alikuwa akiwaita wapumbavu. Na hapa mwenye njaa ni yeye! Akacheka peke yake, akaenda jikoni, akakalia kigoda mbele ya mkewe.

"Haya, sema madai yako."

"Meza. Batoto bakikuja na bajukuu, batakulia wapi?"

"Nimekubali."

"Kitanda. Lile libuku lako la Bunge la Uingereza linanichoma mbavu."

"Nimekubali. Lingine?"

Épiphanie akatazama chini, akivuta pindo la kitenge. "Bale banawake ba London, ba kutengeneza viberiti. Ulinisomea mpaka bakatoka barabarani, kisha ukasinzia. Kesho yake ukashika kitabu kingine. Mpaka leo sijui kama balishinda."

 Miaka yote Munyemana alidhani anajisomea mwenyewe tu, na kwamba mkewe, akichambua maharage kando yake, alikuwa na mawazo yake mengine.

"Mama, kumbe ulikuwa unasikiliza! Walishi..."

"Nyamaza! Usinipe mwisho. Anzia pale balipotoka."

Basi akahamisha vitabu, kwa mikono yote miwili, hadi chumba walicholala watoto zamani. Épiphanie akawasha mbabula, jiko lake la makaa. Munyemana akarudi kwenye kigoda na kile kitabu cha Kiingereza, akawa anamgeuzia kwa Kiswahili mstari kwa mstari, moshi ukimliza macho. Kila alipopumzika, mwiko ulimwonyesha aendelee.

Alipofika pale mabinti wote wa viberiti waliporudishwa kazini, hata waliofukuzwa, Épiphanie alipiga vigelegele hadi Mukabaranga, jirani yao, akachungulia juu ya ua kuuliza ni nani amejifungua.