Chakula Chenye Ganda

Mke wangu husema mimi nikisalimiwa huigeuza salamu nione chini yake kuna nini. Sikatai. Miaka kumi na tisa nimetunza stoo ya kantini ya kiwanda cha viatu, na mtunza stoo akimwamini kila mtu, atabaki na panya na magunia matupu. Gunia likija na muhuri wake, mimi nalipima tena. Wapishi wamenicheka mpaka wamechoka, nami sijaacha.

Ugonjwa ulipoingia, kiwanda kilifungwa, na kantini nayo. Tulikuwa tisa: wapishi, wapakuaji, muosha vyombo na mimi. Baada ya miezi miwili ya kukaa nyumbani tukiangaliana na wake zetu, ujumbe uliingia kwenye simu. Kiwanda kingefunguliwa tena kwa nusu ya watu, na kantini ingechukua watano tu. Wangechaguliwa kwa alama za mafunzo ya lishe na afya, siku thelathini, mtandaoni. Nje ya hao watano hakuna ahadi.

Mafunzo yenyewe hayakuwa magumu. Asubuhi tulitumiwa somo la sauti, Jumamosi tulikutana wote kwenye video na mwalimu wa lishe, dada mmoja mwenye miwani mikubwa na subira ndogo. Kila siku, kabla ya saa kumi, kila mmoja alitakiwa kutuma picha ya mlo kamili: wanga, protini, mboga, tunda. Picha moja ilikuwa na alama kumi. Mwalimu alikuwa na makundi ishirini, hangeweza kukagua sahani zetu zote, akaomba kiranja. Mpishi mkuu akanitaja mimi. Alisema huyu hata sahani ya mama yake angeikagua, na wote wakacheka, na kazi ikawa yangu.

Basi nikaanza kukagua. Mpishi mkuu alipanga chakula chake vizuri mno, nikamshuku kwamba anajipendekeza kwa mwalimu. Mpakuaji mmoja alituma samaki siku nne mfululizo, nikamwuliza ni samaki wanne au ni mmoja mwenye roho ngumu. Na nisijifanye malaika: sahani yangu mwenyewe niliipakulia kidogo, nikaipiga picha, kisha nikarudi jikoni kuongeza. Mke wangu alikuwa akisimama mlangoni na mwiko, ananiuliza kama hiyo ya pili nayo inaenda kwa mwalimu.

Ila aliyenikaa kichwani ni muosha vyombo. Tulimwita Mama Sabuni. Mwanamke wa maneno machache, mikono imekwaruzwa na masufuria, ana watoto wawili wadogo. Mumewe ni dereva wa malori, na mipaka ilipofungwa alikwama huko huko na lori lake. Kwenye darasa la video hakuwahi kufungua kamera. Alisema simu yake mbovu. Lakini maswali alijibu kuliko wote. Ukiuliza madini ya chuma yanapatikana wapi, kabla mpishi mkuu hajakohoa, Mama Sabuni amekwisha kutaja vyakula saba. Hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Mtu ameosha vyombo miaka sita bila kuuliza kilichokuwa ndani yake, leo amekuwa daktari?

Siku ya kumi na nne nikagundua kitu. Nilikuwa nimekaa barazani, nazipitia picha zake tangu mwanzo. Yai, machungwa, karoti, kikombe cha maharage, maziwa ya pakiti. Sahani ya bluu, mwanga mzuri, kila kundi la chakula lipo. Nilikuwa nimempa kumi kila siku. Kisha nikaona kwamba yai lilikuwa na ganda. Chungwa lilikuwa na ganda. Karoti ilikuwa na majani yake. Maharage yalikuwa makavu, na pakiti ya maziwa haikuwa imekatwa pembe. Nikarudi nyuma, siku moja moja. Katika picha kumi na nne hakukuwa na kitu hata kimoja kilichomenywa, kilichokatwa au kilichopikwa.

Mimi ni mtu wa stoo. Chakula chenye ganda ni chakula cha stoo, si cha mezani.

Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema; huyu anachota stooni kwangu. Nikavaa barakoa, nikaenda hadi kiwandani kwa miguu, nikamwomba mlinzi anifungulie geti. Funguo za stoo nilikuwa nazo mwenyewe, lakini funguo huchongwa. Nikapima magunia yote, nikahesabu mikebe. Hakuna kilichopungua hata punje. Mtu mwenye akili timamu angerudi nyumbani kuomba radhi kimoyomoyo. Mimi nilirudi nikiwaza kwamba mwizi asiyeacha alama ndiye mwizi hatari.

Tangu siku hiyo nikaanza kumwandikia sifuri. Sikumwambia. Alama hakuziona mtu isipokuwa mimi, mwalimu na ofisi ya utumishi, ambako jedwali lilikwenda kila Ijumaa. Nilijiambia huo ni uadilifu. Lakini hesabu nyingine nilikuwa naipiga chini kwa chini, na leo naisema: kabla ya zile sifuri yeye alikuwa wa pili, na mimi nilikuwa wa sita.

Wiki ya mwisho nikamwandikia mwalimu kwamba kuna mwanafunzi anatudanganya na sahani zake. Akajibu kwa mstari mmoja: nilete ushahidi, shauri litazungumzwa Jumamosi mbele ya wote. Ijumaa asubuhi nikatuma jedwali la mwisho ofisini, na mchana nikaenda mtaani kwa Mama Sabuni.

Nyumba yao ni safu ya vyumba sita vyenye mlango mmoja mmoja, na mbele, ng'ambo ya njia, kuna kibanda cha bidhaa ndogondogo. Nje ya kibanda walikuwa wamechora maduara ya chokaa ya wateja kusimama, mtu na mwenzake wasikaribiane. Nikasimama kwenye duara la mwisho, kofia chini, barakoa juu, najifanya nasoma bei. Saa tisa na robo akatoka na sahani ya bluu.

Hakununua kitu. Mwenye kibanda, mzee wa makamo aliyefunga shingo kwa taulo, alimpa yai moja kutoka kwenye trei, chungwa, karoti, kikombe cha maharage, pakiti ya maziwa. Yeye akavipanga kwenye sahani, akaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa penye mwanga, akapiga picha mbili. Kisha akatoa kitambaa, akafuta kimoja kimoja kwa sababu ya ugonjwa, akarudisha. Maharage akayamimina guniani. Yai alilirudisha kwenye trei kwa mikono miwili. Akashukuru, akaingia ndani na sahani tupu, hakuniona.

Nikamsogelea mwenye kibanda, nikamwuliza yule dada anafanya nini.

"Anasoma," akasema. "Tena ananifundisha na mimi. Zamani mteja akiniuliza karoti ni ya nini, nasema ni karoti. Sasa namwambia inasaidia macho, na anachukua mbili."

Nikamwuliza kwa nini asimwachie hata hilo yai.

"Kaka, unadhani sijamwambia? Kasema akibaki nalo leo, kesho atakuja na uso gani kuazima. Na mafunzo bado hayajaisha."

Niliporudi nyumbani mke wangu aliniuliza kama nimemkamata mwizi wangu. Wahenga walisema adui mwombee njaa, lakini huyu hakuwa adui yangu, na njaa alikuwa nayo tayari kabla sijafungua mdomo. Niliona aibu mpaka nikakaa dirishani kuwapa mgongo watu wa nyumba yangu.

Jioni hiyo nikamwandikia mwalimu kwamba shauri lile tuliache, nilikosea. Akajibu upesi kuliko siku zote. Alisema shauri likishamfikia haliachwi, na kwamba kiranja anayeshtaki asubuhi na kufuta jioni naye anapaswa kuangaliwa. Nilistahili. Nilikuwa nimemtilia mtu mzima shaka, sasa imenirudia.

Jumamosi tulikuwa kumi kwenye kioo cha simu pamoja na mwalimu, nyuso tisa na mraba mmoja mweusi. Mwalimu hakuzunguka. Alisema amepata malalamiko juu ya picha za Mama Sabuni, kwamba chakula kile hakiliwi. Akamtaka afungue kamera na atuoneshe, sasa hivi, chakula cha leo cha nyumba yake. Nilitaka kusema neno. Kidole changu kilikuwa juu ya alama ya kipaza sauti, nikakiacha hapo.

Mraba mweusi ukafunguka. Simu haikuwa mbovu. Tukaona chumba kimoja, kitanda, pazia la kugawa, watoto wawili wamekaa kwenye mkeka na vikombe vyao. Mama Sabuni akainua sufuria ndogo, akaielekeza kwetu.

"Huu ni uji wa mahindi," akasema. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kujibu maswali. "Tunakunywa asubuhi na jioni. Ndani yake mna wanga. Protini ni kidogo sana, mafuta hakuna, vitamini A hakuna, chuma ni cha kubahatisha. Huyu wangu mdogo ana miaka mitatu. Kwa umri wake anahitaji kama gramu kumi na tatu za protini kwa siku. Kwa kipimo ninachompa anapata nne, labda tano. Ndiyo maana nywele zake zimekuwa hivi." Akageuza simu kidogo, tukaona kichwa cha mtoto, nywele nyembamba zilizopauka. "Mwalimu, uliagiza tuoneshe mlo kamili ni upi. Nimekuonesha kila siku. Hukuniuliza nimekula nini. Ungeuliza, ningekujibu."

Mpishi mkuu alivua kofia yake. Mwalimu alivua miwani, akaifuta muda mrefu, kisha akasema mwanafunzi huyu amefaulu kuliko wote na kwamba kiranja arekebishe alama zake leo hii. Baada ya darasa nikarekebisha. Nilifuta sifuri zote kwa mkono wangu, nikaweka kumi, nikatuma jedwali upya. Jumapili mpishi mkuu alipitisha mchango kwenye kundi, nikatoa, na kwa pesa hizo mwenye kibanda akapeleka trei mbili za mayai mlangoni kwake. Nikadhani mambo yamenyooka.

Jumatatu asubuhi majina yakatoka. Walikuwa watano, na wa tano nilikuwa mimi. Mama Sabuni hakuwemo.

Mke wangu alipiga kigelegele kimoja, akanikumbatia, akaenda kuinjika chakula. Nami nikaandika ofisini mara moja kwamba wametumia jedwali la Ijumaa, lenye makosa, na makosa ni yangu. Mkuu wa utumishi alijibu kabla ya adhuhuri. Hakuwa na ukali. "Nimekuelewa," aliandika. "Kwa jedwali jipya yeye ni wa pili na wewe ni wa sita. Lakini barua zimekwisha kutoka, siwezi kumtoa mtu bila ridhaa yake. Ukiridhia kutoka, yeye anaingia. Nijibu kabla ya saa kumi."

Nilisoma ujumbe ule mara tatu nikitafuta hila ndani yake. Haikuwemo. Saa saba ikapita, saa nane, saa tisa. Nilifikiria kodi ya nyumba, nikafikiria umri wangu, nikafikiria zile nywele za mtoto. Nilianza kuandika jibu, nikafuta. Saa kumi kasorobo mke wangu aliniita mezani, akasema chakula kinapoa.

Nikaiweka simu kifudifudi juu ya rafu. Nikanawa mikono, nikakaa, nikala.